Chumba Chembamba

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina vyumba virefu, vyembamba. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa kawaida haufikii mita 3. Katika chumba cha namna hiyo kijana mmoja alitaka kujenga sinema ya nyumbani, ili baba yake, aliyepungukiwa na macho, azifuate hadithi kwa masikio.

Alizitundika spika mbili za pembeni ukutani, sawa na masikio ya walioketi. Mzee, aliyezoea kukaa ubavuni mwa ukuta, alinung'unika: “Mwanangu, nasikia mvua, sisikii watu.” Spika ya jirani ilimeza zote za mbali. Kijana akaongeza sauti, kosa likakua.

Ndipo alipozipandisha juu ya vichwa kiasi cha sentimita 60, akazisogeza nyuma kidogo ya viti, akazipunguza nguvu, na kumwomba mzee aketi katikati. Mapazia mazito yakatuliza mwangwi wa kuta. Usiku ule mzee alicheka mahali pa kucheka.

Ufinyu hauvunji masikilizano; huyavunja aliye karibu asiyejua kupunguza sauti yake.