Kusimama Nako Ni Safari



Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Aliyeacha kwenda amesimama, na asiyeanguka naye amesimama. Maisha ya msanii wa dansi kutoka Taiwan, Lin Hwai-min, yanatuonyesha kwamba mambo hayo mawili ni majirani.

Lin alianza kama mwandishi wa hadithi. Akiwa masomoni Marekani alijifunza dansi ya kisasa, na mwaka 1973, akiwa na miaka 26, karibu rika letu, alianzisha kundi la Cloud Gate jijini Taipei. Kundi lilipata sifa hadi ng'ambo. Lakini mwaka 1988, likiwa na jina kubwa, alilisimamisha. Alikuwa amechoka. Miaka mitatu ikapita kabla hajalirudisha, mwaka 1991.

Mwaka 1994 alikwenda Bodh Gaya, India, mahali patakatifu pa Wabudha. Aliporudi alitunga dansi iitwayo Songs of the Wanderers, iliyotembea nchi nyingi. Jukwaani humwagwa tani 3.5 za mchele wa rangi ya dhahabu. Wachezaji hupanda, huanguka, huburuta fimbo zao kama mahujaji. Pembeni amesimama mtu mmoja mwenye mavazi ya mtawa, viganja vimekutana kifuani. Mchele humwagikia utosini mwake bila kukatika, kwa zaidi ya saa moja. Hatikisiki.

Kanisa, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, linatufundisha kutokataa lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha darasani kwamba roho ndiyo umbo la mwili. Basi mtu akisimama hivyo, haujasimama mwili peke yake. Amesimama mtu mzima, naye yumo safarini pamoja na wale wanaotembea.

Tunayasema haya kwa sababu kati yetu mafrateri wapo wanaosimama. Mmoja huomba mwaka wa kutafakari, mwingine huombwa na walezi. Akifika nyumbani, minong'ono humtangulia: "Kwani amefukuzwa?" Mama yake huanza kukwepa jumuiya ndogondogo. Baba hukosa la kujibu sokoni. Kijana aliyekwenda kumsikiliza Mungu hujikuta akisikiliza watu.

Hatusemi kila anayesimama atarudi seminarini. Lin alirudi kwenye dansi. Ndugu yetu huenda akarudi altareni, huenda akaitwa kwenye ndoa. Yote mawili ni wito. Ila hakuna awezaye kuusikia wito wake huku akijitetea kila njia panda.

Basi, ndugu waamini, mkimwona frateri wenu amekaa viti vya nyuma kanisani, msimuulize anarudi lini. Mpeni nafasi katika kwaya, mwiteni shambani, mkaribisheni chakula. Na mama yake akikosa jumuiya wiki mbili, mpitieni nyumbani mwende naye.