Taa za kando ya barabara huko Krete



Mwenye kutazama Krete kwenye ramani huona kisiwa chembamba cha Wagiriki, chenye urefu wa kilometa 260 hivi, na penye ufinyu upana wake ni kilometa 12 tu. Atadhani kwamba siku mbili za gari zatosha kukimaliza. Lakini Krete ni safu ya milima iliyosimama baharini. Mlima Psiloritis wafikia mita 2,456. Na Pachnes, katika Milima Myeupe ya magharibi, mita 2,453.

Tulikuwa wanne, walei Wakongomani tunaoishi Ubelgiji, na kwa likizo yetu ya juma moja tulikodi gari dogo mjini Heraklion. Barabara kuu ya pwani ya kaskazini ni pana, na magari huenda mbio. Ukigeuka kuelekea kusini, mambo hubadilika. Kona hufuata kona. Upande mmoja pana ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde refu, na mbuzi wamelala juu ya lami kana kwamba waliijenga wao. Mwendo uliohesabiwa kuwa wa saa moja hugeuka kuwa wa asubuhi nzima. Wenyeji wana desturi njema: mwenye kwenda polepole husogea kuume, na mwenye haraka hupita bila kupiga honi.

Tangu siku ya kwanza tuliona vijumba vidogo kando ya barabara, vimeinuliwa juu ya nguzo, kila kimoja kikiwa na umbo la kanisa na msalaba juu yake. Ndani mna ikoni ya mtakatifu, taa ya mafuta, na mara nyingine picha ya mtu. Vingi vimewekwa na jamaa za watu waliofia mahali pale. Vingine vimewekwa na walionusurika, ili kumshukuru Mungu. Mpita njia hawezi daima kutambua kipi ni cha kilio na kipi ni cha shukrani.

Dada mmoja kati yetu hakupenda kuvitazama. Kaka yake mkubwa alifariki kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, ndani ya lori lililojaa mizigo na watu. Mahali pale hapana msalaba wala jiwe. Kila tulipopita kijumba, aligeuza uso upande wa pili, nasi hatukumwuliza neno.

Siku ya tatu tulisimama Gortyn, penye magofu ya kanisa la Mtakatifu Tito, ambaye Paulo alimwacha Krete ili ayatengeneze makanisa. Kutoka hapo tulivuka milima ya Asterousia hadi Kaloi Limenes, mahali ambapo Biblia zetu hupaita Bandari Nzuri. Ni pwani ndogo na tulivu, na juu ya kilima pana kikanisa cha Mtakatifu Paulo. Tulisoma pale sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo, akiwa mfungwa, aliwaonya wenye meli kwamba majira ya kusafiri yamekwisha kupita na kwamba watapata hasara. Akida akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Wengi walitaka kufika Foinike, bandari ya Krete iliyofaa zaidi kwa kukaa wakati wa baridi. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani wamepata walilotaka. Kisha ikaja tufani. Watu 276 waliokolewa huko Malta, lakini meli ilivunjika.

Siku mbili baadaye tulikuwa Sfakia, magharibi zaidi kwenye pwani iyo hiyo. Barabara ya kwenda kijiji cha Anopoli hupanda kwa kona kali, na bahari yote ya Libya hubaki chini ya miguu. Kwenye kona moja mama mzee alikuwa akitia mafuta katika taa ya kijumba. Dada yetu akasema, “Simamisheni gari.” Akashuka peke yake. Hakujua Kigiriki, wala yule mama hakujua lugha yetu. Mama alionyesha picha ya kijana, kisha kona, kisha gari letu, akishusha kiganja polepole kuelekea ardhi: nendeni taratibu. Halafu akampa dada yetu chupa ya mafuta ili amalizie kuijaza taa. Alipoijaza, alitaja jina la kaka yake kwa sauti. Tulikuwa hatujamsikia akilitaja kwa miaka mingi.

Kutoka Anopoli tulishuka kwa miguu hadi Loutro, kijiji kisichofikiwa na gari. Wataalamu wengi husema kwamba hapo karibu ndipo ilipokuwa Foinike, bandari ambayo meli ya Paulo haikuifikia kamwe.

Taa ile huwashwa kwa ajili ya marehemu, lakini hutoa onyo kwa aliye hai. Yule mama hakuweza tena kumlinda mwanawe. Aliwalinda wageni asiowajua. Paulo naye hakuwa na cheo chochote melini, hata hivyo alisema. Kumwonya mwenzako ni kumpenda, hata kama hatakusikiliza.

Ninyi, vijana, husafiri juu ya mizigo ya malori, na watatu juu ya pikipiki moja. Mara nyingi mmoja wenu huona hatari, naye hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Basi, mnapokutana katika kikundi, jiulizeni: Nani atamwambia dereva apunguze mwendo? Na wale waliofia barabarani katika parokia yetu, nani huyataja majina yao?