Malkia au Mama wa Kambo?

Filamu ya Snow White na vibete saba ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwezi Desemba 1937. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni kutoka studio ya Walt Disney, na hadi leo wazazi wengi huitaja wakitafuta ngano ambayo familia nzima inaweza kukaa na kuitazama. Lakini je, inawafaa watoto wadogo? Swali hili si geni. Filamu ilipofika Uingereza mwaka 1938, bodi ya kukagua filamu iliiweka katika daraja lililomzuia mtoto kuingia sinema bila mtu mzima.

Wenye hofu wana sababu. Snow White anapokimbilia msituni, miti humnyooshea mikono na macho humtazama kutoka gizani. Malkia anamwagiza mwindaji amuue binti na kumletea moyo wake ndani ya kisanduku. Mwindaji anaingiwa na huruma, na moyo unaopelekwa ni wa nguruwe. Baadaye malkia anakunywa dawa na kugeuka ajuza. Katika gereza lililo chini ya kasri kuna mifupa ya mtu aliyekufa akinyoosha mkono kuelekea gudulia la maji, na ajuza analipiga gudulia hilo teke huku akicheka. Mtoto wa miaka minne akiona hayo, asipolala usiku tusimlaumu.

Hata hivyo, mimi sidhani kwamba vitisho ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Sisi tuliosimuliwa hadithi na bibi zetu tumekutana na fisi na majitu yanayomeza watu wazima wazima, na tulirudi kesho yake kuomba hadithi ileile. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, nasi tuliwajua mazimwi wetu. Zaidi ya hayo, bibi alikuwa akitutazama. Akiona mdogo wetu amejikunja, fisi alianguka shimoni mapema kidogo kuliko jana. Filamu haimwoni mtoto. Inakwenda dakika zake 83 bila kujali nani amekaa mbele yake.

Kwa hiyo yafaa tuanze na mtoto mwenyewe: ni nani, na nyumbani kwake kukoje? Mtoto mmoja ataogopa ajuza. Mwingine hatajali ajuza hata kidogo, ila ataumizwa na neno moja tu. Neno hilo ni "mama wa kambo". Limeandikwa katika kitabu kinachofunguka mwanzoni mwa filamu, na Snow White analitamka yeye mwenyewe anapowaeleza vibete ni nani anayetaka kumuua.

Hapa Rwanda tunasema "mukadata", yaani mke wa baba. Ni neno la kawaida, lakini katika ngano zetu mke wa baba mara nyingi ndiye anayemnyima mtoto chakula na kumtuma maji usiku. Wakati huohuo, nchi hii ina historia yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watoto wengi walilelewa na watu wasiowazaa: shangazi, majirani, wake wa baba zao. Wengine kati yao ndio wazazi wetu leo. Ngano inayomfundisha mtoto kwamba asiyekuzaa anaweza kukuua haiwezi kusikika kwetu kama hadithi tu.

Likizo iliyopita baba mdogo aliniomba niwafasirie wanawe filamu hii kwa Kinyarwanda, kama wafanyavyo wale wafasiri wa filamu za agasobanuye wanaozungumza juu ya sauti za wahusika. Mama yao alifariki, na baba mdogo ameoa tena. Binti yake ana miaka mitano na bado alikuwa akimwita mke huyo "tanti". Tanti mwenyewe alikaa nyuma yetu akichambua maharage. Nilikuwa nimeitazama filamu mapema na kuamua: kila penye "mama wa kambo" nitasema "malkia".

Ilikwenda vizuri hadi kaka yake wa miaka tisa, anayesoma Kiingereza shuleni, aliposikia neno lenyewe. "Amesema ni mke wa baba yake!" Binti aligeuka polepole akamtazama tanti. Mimi nilikosa la kusema. Tanti hakuacha kuchambua. Alisema, "Na huyo malkia hajui kupika. Ana tofaa moja tu, tena la sumu. Mimi nitawapikia isombe." Watoto walicheka. Baadaye ajuza alipofika kwenye nyumba ya vibete, binti alihamia mapajani mwa tanti, akatazama akiwa pale.

Wenzangu wanaosoma tafsiri wataniuliza kama ni haki kuficha neno la matini. Nitawajibu kwa historia ya matini yenyewe. Katika toleo la kwanza la ngano za ndugu Grimm, la mwaka 1812, mwanamke anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Mwisho nao umebadilika: kwa ndugu Grimm malkia anavishwa viatu vya chuma cha moto na kucheza hadi afe, katika filamu anaporomoka kutoka kwenye jabali. Kila msimulizi amepunguza au kugeuza jambo kwa ajili ya wasikilizaji wake. Naona kwamba ndugu Grimm walimwepusha mama mzazi na aibu, na mzigo ukamwangukia mke wa baba. Kama wao waliweza kuchagua, mfasiri anayekaa sebuleni na watoto anaowajua kwa majina anaweza pia.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, ningengoja. Kwa mkubwa kidogo, filamu inafaa, kwa masharti mawili. Kwanza, mtu mzima awe ameitazama kabla. Pili, akae palepale, tayari kusimamisha, kueleza, au kumpakata mtoto. Simu ya kumtuliza mtoto wakati mama yuko sokoni haitimizi masharti hayo, hata kama filamu imeandikwa kuwa ni ya rika zote. Anayeweka daraja hilo hajui ni mtoto gani aliyezika mama yake mwaka jana. Sisi wa nyumbani tunajua.