Sekunde Moja na Nusu kutoka Doha

Ruta yetu ya zamani iliuawa na radi, Jumanne moja ya masika, saa kumi na moja jioni. Kama umeishi Awendo unajua mvua ya hapa haina mchezo. Mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, trekta za miwa zinakazana zifike kiwandani kabla barabara haijawa matope, mabati yanaanza kupigwa, halafu stima inaenda. Stima ikienda si mbaya. Shida ni ikirudi. Siku hiyo ilirudi, ikaenda, ikarudi tena kwa hasira, na kwenye kona ya sebule tukasikia "ta!" kama njugu kwenye sufuria. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia.

"Ang'o?" mama akauliza kutoka jikoni.

Mdogo wangu hakuinua hata macho. "Waifai imekufa."

Kesho yake nilipanda matatu hadi Migori mjini nikanunua nyingine. Nzuri, nyeusi, antena nne zimesimama kama pembe. Muuzaji aliniambia hiyo itafika hadi kwa jirani. Nikaichomeka, nikaipa jina na neno la siri, taa zikawaka kijani, nikapima spidi kwa simu: megabiti 9.6 kwa sekunde. Sisi hulipia 10. Nikamwambia mama kazi imeisha.

Jumapili ndiyo ilinionyesha kazi haijaisha.

Dada yetu yuko Doha. Ni mwaka wa tatu sasa. Kila Jumapili baada ya ibada anapiga kwa video, mama anaketi kwenye kiti kile kile, anafunga kitambaa upya kama anayeenda kupigwa picha, na wanaongea saa nzima. Jumapili hiyo mama aliuliza, "Unakula vizuri?" na dada akanyamaza. Anatuangalia tu. Kisha, "Ndiyo mama, nakula." Mama akauliza kama mwajiri anamlipa kwa wakati. Kimya tena. Kisha, "Analipa." Mama akaanza swali jingine, kumbe dada naye ameanza sentensi yake, wakagongana, wote wakanyamaza kupishana, wakaanza tena pamoja, wakagongana tena.

Walipomaliza mama hakuinuka. "Huyu mtoto anatuficha kitu," akasema. "Kwani siku hizi anafikiria kabla ya kunijibu?"

Nikamwambia ni mtandao tu. Hakuniamini, na simlaumu. Mama yeyote mwenye msichana Ghuba ameshasikia hadithi za kutosha, za paspoti zilizofichwa na simu zilizonyang'anywa. Yeye anasikiliza pumzi ya mtoto wake kuliko maneno. Na hapa kuna jambo nililokuja kulisoma baadaye nikatulia. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi yao juu ya lugha 10 za pembe mbalimbali za dunia, wakipima muda kati ya mtu kuuliza na mwenzake kujibu. Mara nyingi ni kama milisekunde 200 au chini, yaani hata jicho halijamaliza kupepesa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, nalo linashauri sauti ya simu isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na ikipita 400 haifai kabisa. Sisi tulikuwa na sekunde moja na nusu. Kwa sikio la binadamu, sekunde moja na nusu baada ya "mwajiri anakulipa?" ni jibu tayari.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta tatizo, na nilianza kama kila mtu. Nikazima nikawasha. Nikapigia kampuni inayotuuzia intaneti, mhudumu akaniambia kuna tatizo la kebo chini ya bahari. Hiyo imekuwa dawa ya kila ugonjwa tangu tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini na nusu ya Afrika Mashariki ikakaa ikiangalia kiduara kinazunguka. Siku hiyo ilikuwa kweli. Siku yangu nilimuuliza ni kebo gani, akasema nisubiri kwenye laini. Nikasubiri hadi simu ikajikata.

Fundi wao alikuja siku mbili baadaye, asubuhi, nikiwa kazini. Akapanda juu ya nyumba, akagusa dishi, akashuka, akapima, akamwonyesha mama: 9.7. "Spidi iko sawa, mama." Akanywa chai akaenda.

Basi nikaanza na ruta yenyewe. Niliitoa nyuma ya televisheni, kwa sababu chuma na vioo humeza mawimbi. Nikaitoa pia karibu na ukuta wa jikoni, ule wa mabati, kwa sababu mabati huyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga. Nikahamisha simu zetu kutoka masafa ya 2.4 kwenda 5, ambayo hayafiki mbali lakini hayana msongamano wa majirani. Kwa zile zilizobaki kwenye 2.4 nikajaribu chaneli ya 1, ya 6, ya 11, ambazo hazikanyagani. Nikabadilisha waya kati ya dishi na ruta. Kila kimoja kilisaidia kidogo, kama panadol kwa mwenye malaria. Mchana kila kitu shwari. Ikifika jioni, au Jumapili, mambo yanaharibika.

Mchana shwari, jioni vibaya. Nani hurudi nyumbani jioni? Nani hushinda hapa Jumapili na simu mkononi akipiga kelele "inalagi! inalagi!" akicheza mpira wa simu na watu wasiojulikana?

Nilibadilisha neno la siri usiku wa Jumatatu na sikumpa.

Alikuja mlangoni kwangu saa tatu. "Brathe, waifai imekataa."

"Imekataa wewe," nikamwambia. "Mama anaongea na dada kama wako mwezini kwa sababu ya gemu zako."

Alinitazama kidogo. Nilitarajia kelele. Alisema tu, "Sawa," akaenda chumbani kwake. Siku tatu alinunua bando kwa pesa zake. Sikujua, mpaka mama aliponiambia, kwamba Jumatano alikuwa na mtihani mdogo wa chuo kwa intaneti, bando likamwishia katikati, akakimbia sokoni na laptopu chini ya jaketi mvua ikinyesha, akaumalizia kwenye stuli nje ya duka la M-Pesa, kwa hotspoti ya dada wa duka.

Na jioni za siku hizo tatu, yeye akiwa hayumo kabisa kwenye mtandao wetu, lagi ilikuwa pale pale.

Hapo ndipo ningepaswa kwenda kwake. Nilichukua siku nyingine nzima. Sisi ni wanaume wa nyumba moja, si rahisi hivyo.

Alikuja yeye mwenyewe, Ijumaa usiku, na waya mkononi. Hakuniomba neno la siri. Alichomeka laptopu yake moja kwa moja kwenye ruta, akafungua kile kidirisha cheusi wanachopenda watu wa kompyuta, akaandika ping. Namba zikaanza kushuka: 38, 41, 37. Hizo ni milisekunde, muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi.

"Uko kazini sasa hivi?" akaniuliza.

Sikuwa. Nilikuwa nimetoka tu kuingia.

"Fungua laptopu yako. Fanya vile hufanya kila jioni."

Niseme kazi yangu. Mimi hupiga video za matanga na harusi, Awendo, Rongo, Uriri, wakati mwingine hadi Ndhiwa. Nilianza 2020, serikali iliposema mazishi yasizidi watu 15. Kwa Wajaluo hiyo ilikuwa kama kuambiwa usizike. Waliokuwa Nairobi na Marekani walitaka kuona, mtu alihitajika mwenye kamera, na ndivyo intaneti ilivyoingia kwetu. Tangu hapo nina desturi: nikirudi, nafungua laptopu na programu inaanza yenyewe kupandisha video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, nisije nikapoteza mazishi ya baba ya mtu kwa sababu ya diski kuharibika. Mazishi moja ni gigabaiti 40 hivi. Kwa laini yetu ni karibu saa tisa za kupandisha mfululizo.

Nilifungua laptopu. Kwenye kidirisha cheusi namba zikasita, kisha: 290. 740. 1,310. 1,580. 1,620.

Hakusema kitu. Niliifunga laptopu. 1,100. 400. 39. Niliifungua tena, ingawa sikuhitaji.

"Ona," akasema hatimaye, akiongea na skrini si na mimi. "Unajua mizani ya kiwandani? Trekta zikipanga foleni kutoka getini mpaka barabarani, kiwanda hakijapunguza mwendo. Kinasaga vile vile. Ukipima miwa inayoingia kwa saa utasema kila kitu kiko sawa. Lakini kama wewe ni boda umebeba barua moja na umewekwa kwenye foleni ya trekta, utafika kesho. Video zako ni trekta. Sauti ya mama ni boda. Ruta hii inawapanga foleni moja, na imejenga uwanja mkubwa wa kusubiria ili isimfukuze mtu."

Ina jina, hiyo. Wahandisi wanaiita bufferbloat, jina alilolieneza Jim Gettys mwanzoni mwa miaka ya 2010, baada ya kuliona tatizo lenyewe nyumbani kwake alipokuwa akipandisha mafaili makubwa. Nikisoma hilo nilipata faraja kidogo: mtu aliyekuwa na intaneti tangu zamani, Marekani, alikwama pale nilipokwama mimi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha njia ya kuitibu, inayoangalia kila kifurushi kimesubiri muda gani badala ya kuangalia foleni ni ndefu kiasi gani. Ndiyo maana fundi aliona 9.7 na akaenda zake kwa amani. Alipima kiwanda. Hakupima foleni, na asubuhi mimi na trekta zangu tulikuwa hatupo.

Lakini swali lilibaki. Kazi yangu ni ile ile miaka mitano. Kwa nini haikuwa hivi na ruta ya zamani?

Alijikuna shingo. "Ile niliitengeneza."

"Lini?"

"Wakati wa korona. Shule zilipofungwa. Masomo ya Zoom yalikuwa yanakatika kila ukirudi kutoka matangani. Nikatafuta kwenye YouTube." Aliondoa programu iliyokuja na ruta, akaweka OpenWrt, ile ya bure, akawasha ile dawa ya foleni na kuiambia laini yetu isipite megabiti 8 na nusu, ili foleni iwe mikononi mwake. Alikuwa kidato cha pili. Nilimwuliza mbona hakusema. Akasema alisema, nikamjibu asiguse vitu vya watu asivyovielewa, kwa hiyo alingoja nilale.

Sikumbuki kusema hivyo, lakini nilivyosikia niliijua sauti yangu.

Ruta mpya, na pembe zake nne, haikubali OpenWrt. Tulitafuta kwenye menyu zake zote, tukakuta mahali pa kupunguza spidi ya kifaa kimoja kimoja na hakuna zaidi. Mwishowe tulikwenda kwenye ile programu yangu ya kuhifadhi video, kwenye mipangilio, mahali palipoandikwa kikomo cha kupandisha. Palikuwa wazi, yaani chukua yote. Nikaandika megabiti 6 na nikaiwekea saa: ianze saa sita usiku, isimame saa kumi na moja alfajiri. Gigabaiti 40 sasa zinachukua usiku tatu. Wenye matanga hawajawahi kulalamika. Wafu hawana haraka.

Ile iliyoungua hakuitupa, iko chini ya kitanda chake. Anasema ni kapasita tu, na anamjua mtu Kisii.

Nikamwambia neno la siri jipya. Akasema analijua. Alilijua tangu Jumanne, nililiandika nyuma ya boksi la ruta kwa kalamu nyekundu. "Sasa mbona hukutumia?" Akanyanyua mabega. "Hukunipa."

Jumapili mama alifunga kitambaa chake, akaketi. Simu ikaita kutoka Doha. Mdogo wangu alikaa kwenye mkono wa kochi, akicheza mpira wake kwa sauti ya chini, na sikumwambia kitu.

"Unakula vizuri?" mama akauliza.

"Nakula, mama."

"Mwajiri anakulipa?"

"Analipa."

Majibu yalikuja papo hapo, moto moto. Mama aliongea naye saa nzima, wakacheka habari za kuku wa jirani, wakaagana. Kisha akaweka simu mezani, akaitazama.

"Umeona alivyonijibu haraka?" akasema. "Kama mtu aliyekariri."

Mdogo wangu alisimamisha gemu. Tulitazamana.