Muzee anataka kuona bahari

Chukua ramani ya Afrika, utie kidole juu ya Lubumbashi. Peleka kidole upande wa magharibi: utafika Lobito, mji wa Angola kando ya bahari ya Atlantiki. Rudi, peleka upande wa mashariki: utafika Dar es Salaam, kando ya bahari ya Hindi. Kwa barabara, kila upande ni kama kilomita 2,000. Mtu akitoka Lobito kwenda Dar es Salaam lazima apite karibu na mlango wetu. Tuko katikati ya bahari mbili, na wengi wetu hatujaona hata moja.

Baba yangu ni mmoja wao. Alianza kazi mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 20, na kazi yake ilikuwa kupakia mukuba ndani ya vagoni. Alifanya hivyo miaka 30. Kwanza vagoni zilikwenda Lobito kwa reli ya Benguela, ile iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata njia hiyo. Mukuba ukageukia njia zingine: mwingine kusini, mwingine kaskazini kwa treni na mashua mpaka Matadi, mwingine Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA, ambayo Wachina waliijenga toka 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kuanzia Kapiri Mposhi. Baba alijua majina yote ya bandari hizo, sababu yalikuwa yanaandikwa kwa choki juu ya vagoni. Yeye mwenyewe hakuvuka Kasumbalesa.

Siku moja, tukiwa tumekaa kwenye baraza nyumbani, akaniambia: "Miye nilipakia mukuba miaka makumi tatu. Kule ulikuwa unaendaka, sijafikaka hata siku moja. Mbele ya kufa nataka nione mahali banaushushiaka." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wacha nikuambie ukweli, maana wewe pia pengine una muzee nyumbani. Safari hii tulikwisha kuiharibu mara moja, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwezi wa 7 mwaka 2018. Nilikuwa na falanga kidogo, nilikuwa na haraka, na niliona kupanga safari ni kutafuta motokari na mafuta tu. Siku mbili mbele ya kuondoka ndipo nilikumbuka kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Nikampeleka Baba mbio mbio, akachomwa sindano, akapewa kadi yake, nikaona mambo yamekwisha. Pale mpakani, upande wa pili, mwenye kukagua afya akafungua kadi, akahesabu siku kwa vidole, akatuambia kwa upole kwamba chanjo hii inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Sisi tulikuwa na siku mbili. Hakutaka kitu kwetu, alifuata sheria, na mimi ningesoma vizuri kile kikaratasi ningeijua.

Tukarudi. Toka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 95, na kwa njia yote Baba hakusema neno. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu. Tulipofika nyumbani akalivua, akalitundika, akaenda kulala bila kula. Mama akaniangalia tu. Ningependa anikaripie.

Basi mwaka huu, nilipotaka kuanza tena, familia ikakaa. Yaya yangu akasema wazi: "Muzee iko na magoti ya kukufa, unataka kumupeleka wapi? Hizi dola, tulipe nazo minervali ya batoto." Usifikiri alisema vibaya. Minervali ni jambo kweli. Nami sikuwa na jibu la nguvu, ila hili: watoto watakwenda shule mwaka huu na mwaka kesho, lakini magoti ya Baba hayana mwaka kesho. Tulizungumza mpaka usiku. Mwishoni yaya akasema atakubali kama nitaandika kila kitu kwenye karatasi, siku kwa siku, dola kwa dola, naye mwenyewe aikague. Niliona haya kidogo, maana mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Lakini ile karatasi ndiyo safari yenyewe, nami ninakuonyesha namna tulivyoiandika.

Neno la kwanza: bahari ipi? Baba angependa Lobito, sababu ndiyo bandari ya ujana wake, na reli ile ilifunguliwa upya mwaka 2015. Lakini sisi tunakwenda kwa motokari. Toka Kolwezi kwenda Dilolo sehemu kubwa ya barabara ni udongo, kiti kinaruka kutwa, na kule mbele ni Kireno ambacho hakuna mtu wa nyumbani anakijua. Upande wa Dar es Salaam barabara ni lami karibu yote. Tena, toka Kasumbalesa mpaka Mpika na zaidi Baba atasema Kibemba chake bila shida, na kuanzia Tunduma tutasema Kiswahili. Watatucheka, hiyo ninajua. Tutasema "mukuba" na wao watauliza ni kitu gani, mpaka tuseme "shaba". Kuchekwa hakuumizi magoti.

Neno la pili: mwezi gani? Huku kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa 11 na kumalizika mwezi wa 4. Kule pwani mvua kubwa, wanayoita masika, ni mwezi wa 3 mpaka wa 5. Basi mwezi wa 7 ni kavu pande zote mbili, tena ni likizo kubwa ya shule. Lakini kuna baridi, na wengi hawaifikirii kwa sababu wanawaza joto la bahari. Mbeya, Makambako na Iringa ni nchi ya milima, asubuhi muzee atatetemeka. Blanketi haliendi ndani ya buti, linakaa juu ya magoti yake.

Sasa karatasi. Paspori za watu wote zifunguliwe mbele ya mwezi wa 4, mtu aangalie tarehe ya mwisho, isiwe chini ya miezi sita. Mambo ya visa uliza mapema, Zambia na Tanzania zote mbili, wala usitumainie maneno ya mtu aliyepita miaka mitatu nyuma, maana sheria zinabadilika. Kadi ya chanjo ya Baba, ile ya 2018, ingali nzuri: tangu mwezi wa 7 mwaka 2016 kadi ya homa ya manjano inahesabiwa kwa maisha yote ya mtu. Ile sindano iliyotuangusha ndiyo inatupitisha sasa. Ila, msomaji wangu, kama muzee wako amepita miaka 60 na hajapata chanjo hii hata siku moja, usimpeleke mbio kama mimi. Muulize munganga kwanza, sababu kwa wazee inaweza kuleta taabu.

Kuna kadi ya njano ya pili, na watu wanazichanganya. Hii ni ya motokari, ni asiranse ya COMESA, na inafanya kazi Zambia na Tanzania pia. Unainunua hapa mbele ya kuondoka. Ongeza barua ya mwenye motokari kama motokari si yako. Yetu ni ya shemeji yangu, na barua tumeipeleka apigiwe muhuri. Tia pembetatu mbili za kuonya, na kizima-moto ambacho hakijapita tarehe. Weka falanga ya peaje kando, maana vizuizi vya kulipia barabara viko hapa kwetu na Zambia pia.

Hii motokari ya shemeji ina usukani upande wa kuume, kama zile nyingi zilizotoka Japani. Ilishuka melini Dar es Salaam na ikaja huku kwa njia ile ile tutakayopita. Kwetu tunatembea upande wa kuume wa barabara. Ukivuka Kasumbalesa tu, unahamia upande wa kushoto, na inabaki hivyo mpaka baharini. Kwa usukani ule ni raha. Hatari iko asubuhi ya kwanza, shofere akitoka nyumba ya wageni bado ana usingizi na barabara iko tupu. Mwili unamrudisha kuume. Nimeandika "KUSHOTO" juu ya karatasi, itabandikwa mbele ya macho ya shofere, naye shofere ni mimi.

Siku zenyewe ndizo zilileta mabishano. Vijana wa parokia waliniambia siku tatu zinatosha, ukiendesha na usiku. Labda kwao. Mimi nilianza kuhesabu toka kwa Baba: anaweza kukaa kwenye kiti saa ngapi mbele ya miguu kuvimba? Tulijaribu siku moja kwenda Likasi na kurudi, kilomita kama 240. Baada ya kila saa mbili alihitaji kushuka, atembee kidogo, akojoe, anywe maji. Basi hesabu ikawa ya saa mbili mbili, na usiku hapana. Makamyo yaliyoharibika husimama barabarani bila taa, na kutoka Kapiri Mposhi mpaka Nakonde ni zaidi ya kilomita 800 zenye sehemu nyingi bila mtu.

Tumeandika hivi: siku ya kwanza ni ya Kasumbalesa, hata kama ni karibu, maana foleni ya makamyo hujui itakula saa ngapi. Tukilala Ndola tutashukuru. Kisha Serenje, kisha Mpika. Siku ya nne tutafika Nakonde na kuvuka Tunduma, na pale saa inaruka mbele kwa saa moja. Muzee anayekunywa dawa kwa saa lazima ajue hiyo. Toka Tunduma mpaka Mbeya, tunapumzika siku nzima. Kisha Iringa. Siku ya mwisho tunashuka mlima wa Kitonga polepole, tunapita bonde la mibuyu, tunapita ndani ya mbuga ya Mikumi. Kule barabara inakata katikati ya wanyama kama kilomita 50, na ukigonga mnyama unalipa. Mjukuu wa miaka 9 anangojea twiga tu, hataki habari ya bahari. Ndani ya vijiji vya Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na polisi wanapima kwa mashini.

Jambo dogo ambalo mama wa nyumbani atapenda kujua: Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019. Zile sachet tunazofungia mikate na mihogo, ziache mpakani. Mama amekwisha kushona mifuko minne ya kitambaa.

Dawa za Baba za pressio tumenunua za mwezi mzima, ingawa safari ni ya wiki tatu, na munganga ameandika majina yake kwenye karatasi yenye muhuri. Nusu iko kwa Mama, nusu iko kwangu. Mfuko mmoja ukipotea, mwingine unabaki. Chandarua kinakwenda pia.

Falanga tumegawa mara tatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya ugonjwa. Ile ya kurudi imeshonwa ndani ya nguo ya Mama na hata mimi sijui ni nguo gani. Ile ya ugonjwa, tusipoitumia, yaya amesema itakuwa minervali. Ndivyo tulivyopatana.

Kule Dar es Salaam, bandari haina mlango wa watalii. Hilo lilinisumbua, maana muzee hakuomba kuona mchanga wa bahari, aliomba kuona mahali mukuba unaposhushwa. Nikauliza watu wanaokwenda kununua motokari. Mmoja akaniambia: mpeleke kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni, kile kinachovuka mlango wa bandari. Unalipa kidogo sana, unasimama kando ya chuma, na meli kubwa zinazoingia na kutoka zinapita pale pale mbele yako. Nilipomweleza Baba, akauliza swali moja tu: "Tunaweza kuvuka mara ngapi?" Nikamwambia, mara yoyote atakayotaka.

Juzi yaya alikuja, akakaa na ile karatasi, akaisoma na kalamu mkononi. Alikata vitu viwili, akaongeza kimoja: kiti kidogo cha kukunja, ili Muzee asisimame kwenye foleni mpakani. Mimi sikukifikiria. Kisha akatoa dola 50 ndani ya kitambaa, akaziweka juu ya meza bila kusema ni za nini.

Tunaondoka Jumatatu ya pili ya mwezi wa 7, saa ya jogoo. Lile koti la sikukuu limefuliwa. Baba amefunga valizi yake tangu Pasaka, na kila Jumapili jioni anaifungua, anaangalia kadi ya njano kama ingali pale, anafunga tena.