Baba Kulwa na Boksi la Vipande 58

Kuna wanaume wanaoamini karatasi ya maelekezo imewekwa kwenye boksi ili vitu visigongane. Wangu yumo. Anachana gundi, anamwaga kila kitu mkekani, kisha anauliza, "Bisibisi iko wapi?"

Boksi lenyewe alilileta wifi yangu kutoka Muscat, zawadi ya Kulwa na Doto kutimiza miaka miwili. Ni mchemraba wa mbao, kila upande una kazi yake: saa ya kuzungusha mishale, magurudumu ya meno, shanga za kuhesabia, matundu ya maumbo. Wazo si geni. Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, na hadi leo walimu wa chekechea wanatukumbusha kwamba mtoto hujifunza kwa vidole kabla ya daftari. Sawa. Ila jamani, hawatuambii kwamba wazazi watakaa chini masaa matatu wakitafuta tundu la skrubu namba 7!

Nikwambie kwa nini sikukasirika. Baba Kulwa alipunguzwa kazini mwezi wa tatu. Tangu hapo maneno nyumbani kwetu ni ya kuhesabu: umekula, LUKU imebaki ngapi, zima taa. Ukimuuliza hali, "Niko poa." Dada zangu, mnaijua hiyo "niko poa".

Usiku ule watoto wamelala, mimi nasoma maelekezo kwa sauti, yeye anakaza nati. Ndipo akaanza kusema, bila kuniangalia. Kwamba anapiga simu kwa watu aliowasaidia, hawapokei. Kwamba siku nilipolipa kodi ya nyumba peke yangu, alitoka akatembea tu hadi giza likaingia. Nikamwambia, "Kipande H kinaingia kwenye G." Nilijua nikiinua uso tu, atanyamaza.

Tulibishana jambo moja, betri. Ile saa inaimba kwa betri bapa kama kifungo, na kifuniko chake hakina skrubu. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni kwa mtoto, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya masaa 2. Hapo ni kumkimbiza hospitali, si kumtapisha. Yeye alitaka muziki, mimi nikakataa katakata. Ikatolewa. Shanga nazo tukazipima kwa ile roli ya ndani ya karatasi ya chooni, maana kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Mbili zilipita, tukazing'oa.

Saa saba usiku mchemraba ukasimama, umeinama kidogo upande wa saa. Skrubu nne zimebaki.

"Za akiba hizo," akasema, akazifungia kabatini. Kisha, kama mtu anayeulizia chumvi: "Hivi yule binamu yako mwenye karakana ya samani Keko, namba yake unayo?"

Nikamtumia papo hapo, kabla hajabadili mawazo.