Maneno Matatu ya Bibi

Mlango wa kwanza kunishinda Maputo ulikuwa wa duka la dawa. Ni mlango wa kioo, na juu ya mpini wake pamebandikwa neno PUXE. Kwenye ndege kijana mmoja wa Nampula alikuwa amenifundisha kwamba x ya Kireno mara nyingi hutamkwa sh. Basi nikasoma "pushe", nikausukuma. Nikausukuma tena, safari hii kwa bega. Ndani mlinzi alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama kuku akijigonga kwenye dirisha. Mwishowe akaja, akausukuma yeye kutoka upande wake, nusura unipige pua.

Puxe maana yake vuta.

Nilikuwa na miaka 25, digrii ya kilimo kutoka Morogoro, na barua iliyosema nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, utafiti wangu ukiwa juu ya mikorosho. Barua hiyo ilikuwa na sharti moja karibu na mwisho: kufikia Juni niwe nimefaulu mtihani wa Kireno. Nisipofaulu, ufadhili unakoma. Niliposoma sharti hilo nikiwa nyumbani Newala, Juni ilionekana mbali. Mbele ya ule mlango, mwanzoni mwa Februari, ilikuwa kama wiki ijayo.

Watu walikuwa wamenitia moyo. Kiswahili kimejaa Kireno, waliniambia: meza, leso, bendera, mvinyo. Ni kweli, lakini jaribu kuishi mjini kwa maneno hayo. Huwezi kuomba maji kwa bendera. Na mengine yanakugeuka. Jumapili ya kwanza, Mamã mwenye nyumba aliniambia nijiandae twende igreja, na kwa sekunde kadhaa nilijiuliza nimekosa nini hadi nipelekwe gerezani. Igreja ni kanisa. Jinsi neno lilivyotoka kwenye kanisa lao likaishia kwenye jela yetu, kila mtu wa pwani aliyewahi kuiona Fort Jesus anaweza kujisimulia mwenyewe.

Lakini hofu yangu haikuwa ya mtihani peke yake. Ilikuwa ya Bibi.

Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Mueda. Ukisimama ukingoni Newala, pale ardhi inapokatika ghafla, unaliona bonde la mto na nchi ya pili ikianza upande wa pili, ya bluu, karibu kabisa. Nimekua nikiiona. Bibi alivuka akiwa msichana, vita ya ukombozi ilipoanza mwaka 1964, na hakurudi tena hata kutembea. Nyumbani tulizungumza Kimakonde na Kiswahili. Kireno hakikutajwa. Siku moja nikiwa darasa la tano nilimuuliza kama anakijua, akasema anajua maneno matatu tu: algodão, palmatória, depressa. Pamba, kile kibao cha kuchapia viganja, na haraka.

Hakunieleza zaidi. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba wakati ule wakoloni walilazimisha watu kulima pamba, na kwamba baba yake Bibi alipigwa viganja kwa kile kibao hadi vidole vikakataa kukunja. Bibi, mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa akimlisha matonge.

Nilipomwambia kwamba nimepata nafasi ya masomo Maputo, aliendelea kupeta mchele. Aliuliza kitu kimoja: "Wanafundisha kwa lugha gani?" Nikamjibu. Akaupeta mchele hadi ukaisha, akaingia ndani. Asubuhi ya safari alinipa korosho zilizokaangwa, kilo mbili nzima, na hakusema neno juu ya nchi ninayokwenda. Alisema nisikae dirishani kwenye ndege.

Maputo yenyewe ni mji mzuri, nikiri hivyo mapema kabla malalamiko hayajaanza. Mitaa mipana, miti pande zote, bahari mwisho wa barabara. Majina ya barabara ni kama mtihani wa siasa wa mwaka 1978: unashuka Karl Marx, unakata Ho Chi Min, unaikuta Vladimir Lenine. Chuo nilichokuwa nakwenda kiko kwenye barabara iitwayo Julius Nyerere. Siku ya kwanza nilipiga picha kibao chake nikaituma kwenye kundi la familia. Mjomba akajibu: "Basi umefika nyumbani." Mjomba hakuwa amepanda chapa.

Chapa ni daladala. Ukitaka kushuka unapaza sauti kwamba kituo, paragem, na mimi siku tatu za mwanzo sauti haikutoka. Nilikuwa nangoja mtu mwingine ashuke, popote pale, nishuke naye, kisha nirudi kwa miguu kwenye jua la Februari ambalo halina mzaha. Jioni usafiri ukiadimika, watu hupanda nyuma ya pikapu, wamesimama wamebanana hadi wanalazimika kushikana viunoni wasianguke. Gari hizo zinaitwa My Love. Nilidhani natangaziwa sherehe.

Kasheshe yenyewe ilikuwa ya ofisi. Nilitakiwa kupeleka vyeti vyangu kwa usajili, na kwenye simu dada mmoja aliniambia nifike às nove. Nove nilikuwa nimeshajifunza: tisa. Nikaenda saa tisa. Wasomaji wenzangu mliokulia kwenye saa za Kiswahili mmeshajua nilichofanya. Tisa yao ni saa tatu yetu asubuhi. Nilifika alasiri, jasho linanitoka, ofisi inafungwa. Yule karani alinieleza jambo refu kwa uvumilivu, na katika maneno yote nililishika moja, amanhã. Kesho. Nikamshukuru mara tatu.

Kesho yake saa tatu kamili asubuhi nilikuwa mlangoni. Kumefungwa. Barabara imetulia kama Idi. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye redio ndogo, aliniambia "feriado", nikatikisa kichwa kwamba sielewi, akajaribu kwa njia nyingine: "Mondlane." Akanionyesha kwa mikono kitu kama kifurushi, au kitabu, kinafunguliwa. Akapuliza mashavu: puu! Kisha akanielekezea kidole na kusema neno pekee tuliloweza kulielewa wote wawili: "Dar es Salaam."

Ilikuwa tarehe 3 Februari. Siku ya mashujaa wao. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, aliuawa hukohuko Dar mwaka 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Tarehe hiyo nilikuwa nimeisoma mahali fulani sekondari, nikaifaulu kwenye mtihani, nikaisahau. Hapa watu wanaifungia ofisi. Na mimi, Mtanzania, nimesimama na bahasha yangu ya kaki mlangoni mwa ofisi siku hiyo. Mlinzi aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Nikacheka pia, nadhani kwa sababu moja.

Karani hakuwa amesema amanhã. Alisema depois de amanhã, keshokutwa. Nusu ya sentensi ilikuwa imenipita.

Usiku huo nililia. Sitaificha. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayeelewa. Darasani, sokoni, hata kwenye mizaha. Hapa nilikuwa mtoto wa miaka miwili mwenye digrii. Mamã alinikuta jikoni, akaanza kuniuliza, nikaanza kumjibu mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na vitenzi vya Kireno visivyo na mwenyewe, kwa kasi, kama ambavyo kasi ingeziba mapengo. Aliniwekea mkono begani. "Devagar, mana. Devagar." Pole pole, dada. Akanipakulia xima na matapa. Xima ni ugali. Matapa ni kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi, hakina tofauti na cha kwetu isipokuwa kwamba kilikuwa na kamba ndani, na kwa hilo sikuwa na pingamizi.

Ni yeye aliyenipeleka kwa yule mzee. Alikuwa amenisikia nikizungumza na Mama kwa simu, akasema kuna mtaa, Militar, wanakoishi Wamakonde wengi waliopigana vita ya ukombozi, na yuko mmoja anayemuuzia mkaa ambaye husema lugha kama yangu. Tulikwenda Jumamosi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, kofia ya kijeshi iliyochakaa kichwani, na niliposema "Shikamoo" aliitika "Marahaba" bila hata kugeuka, kama mtu anayeitika kila siku. Kisha akageuka.

"Wewe wa wapi?"

"Newala, babu."

"Newala!" Akapiga paja. "Nimekula mihogo ya Newala mimi. Kuna mama alikuwa anatuwekea njiani, hatuulizi jina."

Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na cha kambini. Alisema "ndugu" kwa kila mtu, hata kwa Mamã. Alikuwa amevuka Ruvuma kijana wa miaka 17, akapata mafunzo Nachingwea. Nikamwambia shida yangu, kwamba lugha hainiingii na nina miezi minne. Nikamuuliza yeye Kireno alijifunzia wapi, shule ya wamisionari?

"Shule gani? Mimi sikwenda shule. Kireno nimejifunza kwenu."

Sikuelewa.

"Nachingwea," alisema. "Pale tulikuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, watu wa kusini huku, kila mtu na lugha yake. Mkubwa akitoa amri, nusu hawamsikii. Basi usiku tunakaa, anayejua anafundisha asiyejua. Kireno na kusoma. Nimejua kuandika jina langu Tanzania, kwa Kireno." Akatafuta kidogo. "Mreno mwenyewe hajanifundisha hata neno. Yeye alikuwa anapiga kelele tu."

Nilimwambia kuhusu Bibi na maneno yake matatu. Aliposikia palmatória alifungua kiganja chake cha kushoto, akakitazama, akakifunga. Hakusema kitu, na Mamã, ambaye hakuelewa mazungumzo yote lakini neno lile alilielewa, aliangalia pembeni.

Jumapili usiku nilimpigia Bibi. Ilikuwa saa mbili kwangu, saa tatu kwake, muda ambao huwa amelala, lakini Mama alisema ameamka anasikiliza taarifa ya habari. Tulisalimiana. Aliniuliza kama nakula. Nikamwambia kisamvu wanakiita matapa, akasema jina hilo halifai kitu kizuri. Kisha nikafanya upumbavu. Nilikuwa nimefurahi, wiki ilikuwa imeisha vizuri kuliko ilivyoanza, na nikataka asikie. Nikamwambia kwa Kireno, sentensi nzima niliyofundishwa darasani Ijumaa: naitwa fulani, natoka Tanzania, ninasomea kilimo.

Simu ikanyamaza. Nilidhani salio limeisha. Nikasikia redio yake kwa mbali.

"Bibi?"

"Unasema kama wao," alisema.

Nilitaka kuomba radhi, lakini kwa lipi hasa? Nikaanza kumweleza habari za mzee wa Militar, kwa kasi, mihogo ya Newala, kambi, usiku wa kufundishana. Nikasema mzee anadai Kireno alijifunzia Tanzania. Alisikiliza. Nilipotaja mama aliyekuwa akiwawekea mihogo njiani alisema, "Tulikuwa wengi," basi. Kisha tena kimya, cha aina nyingine, au mimi ndiye niliyetaka kiwe cha aina nyingine.

"Huyo mwenye nyumba wako," akasema, "anakupigia kelele?"

"Hapana, Bibi. Ananiambia niende pole pole. Kila nikikosea, pole pole."

"Anakuambia kwa Kireno?"

"Ndiyo."

"Wanalo hilo neno?"

"Wanalo."

"Linasemwaje?"

"Devagar."

Akalirudia. Akaongeza i mwishoni, kama tunavyofanya sisi: devagari. Nikamsikia akimgeukia Mama aliye chumbani mwake na kulisema tena, kisha akamwambia kwa Kimakonde kwamba miaka yote ile kule hakuwahi kulisikia, hata mara moja.

Halafu akarudi kwenye simu kuniuliza kama zile korosho nimegawa au nimekula peke yangu.